Kijana kachaguliwa digrii ya radiografia, hataki kwenda. Hii kozi ina nini?

#1 MzeeWaKonde
Asalaam alaykum. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza fomu siksi na PCB yake (Fizikia, Kemia, Baiolojia), Mungu kamjaalia kapata nafasi ya digrii ya radiografia huko bara. Badala ya kufurahi, kanuna. Anasema atangoja awamu nyengine aombe famasi, na famasi ikikosekana bora ualimu, lakini "kupiga eksirei" haendi. Nilipoulizauliza hapa Konde, Pemba, nikaona si yeye peke yake. Binti wa jirani alichaguliwa hiyo hiyo akabadili, na kijana mmoja wa Micheweni alianza akaacha hata mwaka wa kwanza haujesha.

Nauliza wenye kuijua. Wanakimbia mionzi, fizikia, mshahara, au maneno ya watu? Maana ukenda na mtoto kavunjika mkono, waambiwa mpiga picha ni mmoja tu na keshatoka, rudi kesho. Kazi ipo, watu hawapo. Mie kwa akili yangu ni uvivu wa fizikia, mengine visingizio.

#2 KarafuuKavu
Wa alaykumu salaam. Mzee umeshajijibu, siye tuje kufanya nini?

#3 BintiWete
Si uvivu, ami. Mie niko mwaka wa tatu, kozi hiyo hiyo. Siku naaga nyumbani bibi mmoja wa mtaani alimvuta mama pembeni akamwambia, "Mwanao hatozaa huyu, mashine zile zakausha." Mama hakulala. Nikapanda boti asubuhi macho yamevimba, yeye kule na yake. Ukitaka kujua kwa nini wasichana wa Pemba hawendi, anzia hapo. Fizikia nimeikuta baadae na wala haikunitisha kuliko neno la yule bibi.

#4 FundiMionzi
Niko kwenye kazi hii Unguja, si wa jana. Wacha niseme la kitaalamu kwanza, halafu mubishane mtakavyo.

Kiwango kinachofuatwa duniani kwa mfanyakazi wa mionzi ni millisiverti 20 (ndicho kipimo cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka, ukipiga wastani wa miaka mitano, na mwaka mmoja peke yake usivuke 50. Raia wa kawaida kapangiwa 1. Sasa linganisha. Picha moja ya kifua haifiki hata 0.1. CT ya tumbo, ile eksirei ya vipande vipande, ndiyo yenye uzito, inakwenda kwenye 8 au 10. Na ardhi, mawe, hewa na anga vinatupa binaadamu wote wastani wa 2.4 kwa mwaka bila ya kukanyaga hospitali. Mpiga picha hasimami mbele ya mashine, anasimama nyuma ya ukuta au kioo chenye risasi (madini yale mazito, si ya bunduki) na anabonyeza kutoka huko.

La uzazi: mbegu za mwanamme huanza kupungua, tena kwa muda, korodani zikipata kiasi cha miligrei 150 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mpigo mmoja. Anayefuata taratibu hakaribii huko. Mwanamke akishika mimba hafukuzwi kazi. Anatoa taarifa, anapangiwa shughuli ambazo mtoto tumboni hatopata zaidi ya millisiverti 1 kwa muda wa mimba uliobaki. Mwambie mama yako alale, BintiWete.

#5 JangombeBoy
Sawa fundi, ila nijibu hili. Mbona wapiga picha wote nnaowajua watoto wao wanawake watupu?

#6 KarafuuKavu
Unawajua wangapi?

#7 JangombeBoy
Wawili.

#8 FundiMionzi
Haya, mie wa tatu, na nina madume manne yananimalizia mchele. Hilo suala limetafitiwa kwenye nchi za watu na majibu yanapingana, huyu anasema ndiyo, yule anasema hakuna kitu. Usilipeleke barazani likawa hukumu.

#9 MpembaHalisi
Fundi unatutuliza kwa sababu ndiyo riziki yako. Mionzi haikuui leo, inakungoja. Yule mwanamke wa Kifaransa aliyegundua eksirei si ndiye aliyekufa nayo? Mtoto wa Konde kaona mbali.

#10 MwalimuFizikia
@MpembaHalisi umechanganya watu wawili. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, Mjerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na mwaka 1901 akapewa Nobeli ya kwanza kabisa ya fizikia. Picha yake maarufu ni ya mkono wa mkewe, mifupa yote na pete kidoleni. Huyo wa Ufaransa ni Marie Curie, mzaliwa wa Poland, kazi yake ilikuwa radiamu, na kweli alifariki 1934 kwa maradhi ya damu yanayohusishwa na mionzi.

Ukitaka mfano wa aliyeuliwa na eksirei yenyewe, taja Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani. Alikuwa akijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe, ikaoza, ikakatwa, akafariki 1904. Lakini ndiyo nasema: walikuwa wakijaribu kwa mikono! Hawana ukuta, hawana aproni ya risasi, hawana beji ya kupimia mionzi. Huwezi kumhukumu mtoto wa leo kwa msiba wa wakati huo.

Nikirudi kwa Mzee, mie naye niko upande wako lakini si kwa neno "uvivu". Watoto wetu wanafundishwa fizikia kwa chaki. Skuli nyengine maabara ina meza na sinki, basi. Mtoto anakariri kanuni ya umbali, kuwa ukijitenga mara mbili mionzi inabaki robo, anaiandika vizuri kwenye mtihani na hajui kuwa ni jambo lile lile la kujisogeza mbali na jiko la mkaa. Akifika chuo anakutana na kilovolti, miliampea na muda, anaambiwa achague mwenyewe kwa mgonjwa mnene na mgonjwa mwembamba. Pale ndipo wanapopata sapu, mtihani wa kurudia.

#11 MzeeWaKonde
Ahsante mwalimu. Mnaona? Fizikia.

#12 BintiWete
Mwalimu, heshima yako, lakini mie nimeona darasani kwetu nani kapata sapu na kwenye somo gani. Fizikia ya mionzi ina mantiki, ukishaishika haikuponyoki. Elektroni zinatoka upande mmoja wa tyubu ya mashine, zinakwenda kugonga metali ya tangsteni upande wa pili, na ile nguvu yote karibu asilimia 99 inageuka joto, eksirei ni hicho kidogo kinachobaki. Ukilifahamu hilo unaelewa kwa nini sahani ya tangsteni inazungushwa, kwa nini asubuhi mashine inapashwa moto kwanza, kwa nini ukipiga mfululizo inakukatalia. Nani ashindwe?

Kinachoangusha ni anatomia na mikao. Kila mfupa una picha zake na kila picha ina mkao wake. Chukua kifua tu, ambacho watu wanaona ni "simama hapo, vuta pumzi". Mgonjwa anaelekeza kifua kwenye sahani ya kupokelea, mashine iko mgongoni kwake mita moja na themanini. Kidevu juu. Mikono kiunoni, halafu viwiko unavisukuma mbele mpaka mifupa ya mabega itoke juu ya mapafu. Sasa ndiyo avute pumzi na azuie. Ukisahau viwiko, mabega yanafunika mapafu na daktari atakurudishia picha. Ukimpiga akiwa hajavuta vizuri, moyo unaonekana mkubwa wakati si mkubwa. Na haya yote unayafanya kwa bi mkubwa wa miaka themanini hasikii, au mtoto analia.

Hapo bado lugha. Notisi zote za Kiingereza, mgonjwa ni wa Kiswahili, na mwalimu wa fildi, yale mafunzo ya hospitalini, anakuuliza kwa Kiingereza mbele ya mgonjwa. Wenzangu wawili walioondoka hawakuondoshwa na fizikia.

#13 MamaFuoni
Mie si msomi wa hayo ila niseme la wagonjwa. Nimekwenda kupiga picha ya matiti, nikamkuta kijana wa kiume umri wa mwanangu. Nikarudi nyumbani. Wallahi sikupiga. Nikaja kupiga baadae baada ya kuulizia siku anayokuwepo mwanamke. Sasa nyinyi mnamtisha BintiWete asiende, siye tutapigwa na nani? Mzee wa Konde, ungekuwa na mpwa wa kike ningekuja mwenyewe Pemba kumbembeleza.

#14 KarafuuKavu
MamaFuoni kamaliza mjadala. Tufunge uzi.

#15 NjooKesho
Haufungwi. Mnazunguka mbuyu. Suala ni ajira. Nina diploma ya radiografia. Miaka mitatu, nimeingia na fomu foo yangu yenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nimemaliza, nimekaa nyumbani, nimeomba, nimekwenda usaili, nimerudi. Sasa nafanya kwenye kliniki binafsi mjini, napiga eksirei na napokea malipo kaunta. Mashine zinakuja kwa sherehe na utepe unakatwa, lakini nafasi za kuajiri watu wa kuziendesha hazikatwi utepe. Kijana anayeona hayo kwa nini asikimbilie ualimu? Yeye si mjinga, kapiga hesabu.

Na mwenye digrii ndiyo kabisa. Wakubwa wanasema diploma inatosha kupiga picha, kwa nini nimlipe wa digrii?

#16 FundiMionzi
@NjooKesho nakubali nusu. Kwa eksirei ya kawaida, mwenye diploma aliyeiva ni mtaalamu kamili na wengi wa diploma wananishinda hata mie. Lakini digrii si eksirei tu. Unaingia CT na MRI kwa undani, unaingia usalama wa mionzi na ukaguzi wa ubora wa mashine, na ukipenda unaingia tiba ya mionzi, ile ya saratani inayofanywa Ocean Road, Dar. Pale kosa la sentimita moja si picha ya kurudia, ni nyama ya mtu. Ukisoma Muhimbili au Bugando unakutana na wagonjwa wa aina hiyo ambao hapa visiwani utawasikia tu.

#17 NjooKesho
Undani naukubali. Nimeuliza nani anaulipa.

#18 SheriaNaKanzu
Kuna jambo wengi hawalijui na ndilo linalowachanganya wazee. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, ndiyo maana chuo cha hapa na cha bara vyote viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Afya si ya Muungano. Sheria ya wataalamu wa radiolojia ya mwaka 2007 ni ya bara, na baraza lake linasajili kwa kazi za huko. Hivyo mtoto asidhani kuwa akisajiliwa bara basi keshamaliza na kwetu. Mionzi yenyewe iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na hiyo inafanya kazi pande zote mbili.

Na mkopo, Mzee: kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar. Msikae mkidhani ni ile ya bara tu.

#19 MpembaHalisi
Bumu linachelewa bodi zote, ndugu yangu. Hapo Muungano umekamilika.

#20 MkongweWaGiza
Vijana salaam. Nimestaafu. Nilipoingia kazini bado kuna wazee wakiiita Mnazi Mmoja kwa jina la Lenin. Nitawapa sababu ambayo hamujaitaja.

Sifa mbaya ya kazi hii ilijengwa chumba cha giza. Filamu unaitoa kwenye kaseti kwa taa nyekundu, unaitia kwenye dawa ya kwanza, unahesabu, unaisuuza, unaitia kwenye dawa ya pili, unaiosha, unaitundika ikauke. Harufu ya ile dawa inaingia kwenye kanzu, mke anakwambia oga kabla hujakaa kitandani. Vidole vinabadilika rangi. Ukiwa na haraka, daktari anaisoma ikiwa inachuruzika maji. Kwa hiyo mtaani wakituona tunatoka kwenye kichumba kisicho dirisha, macho mekundu, tunanuka, wakasema "mionzi inawamaliza". Haikuwa mionzi, ilikuwa dawa na kukosa hewa. Sasa hivi picha inakwenda kwenye kompyuta, hakuna dawa wala giza, lakini maneno ya wakati ule ndiyo yanayowafata hawa watoto.

Na umeme! Mwaka 2008 Unguja ilipokaa giza miezi mitatu, tulikuwa tunapiga picha kwa saa za jenereta. Wagonjwa wanakaa foleni wanaomba jenereta isizimwe, mmoja kavunjika paja.

#21 SheriaNaKanzu
Mzee wangu, 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja. Ile ya miezi mitatu ilianza Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

#22 KarafuuKavu
Na siye Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha wakati huo, waya wa umeme kutoka Tanga ukaja 2010 baadae. Nyinyi mmekaa na mishumaa, siye twaona mpira. Ndiyo mara ya kwanza Waunguja kutuonea wivu.

#23 MkongweWaGiza
Giza ni giza, mjukuu wangu. Ukikaa ndani yake hutizami kalenda.

#24 JangombeBoy
Mie naona mnaogopa kusema lililo wazi. Ni heshima. Daktari akipita, "shikamoo dakta". Muuguzi, "sista". Mpiga picha anaitwa "we kijana wa eksirei, zamu yangu lini?" Mtu kasoma digrii, anatoka kwenye chumba anaitwa fundi. Nani anataka hivyo? Posa ya binti utakwenda nayo vipi, "anapiga picha"? Watadhani anapiga za harusi.

#25 FundiMionzi
Jina langu hapa ni Fundi na nimelichagua mwenyewe. Ila la harusi ni kweli, nimeshaulizwa bei ya albamu.

#26 KengejaMpya
Niruhusuni niwatoe nje ya mada kidogo. Msimu wa karafuu ndipo utakapojua kazi yao. Babangu mdogo alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akatua kwa miguu. Akaletwa analalamika kisigino tu, mguu umevimba. Wakampiga kisigino, kimevunjika. Siye twataka kuondoka, tupate bandeji twende. Yule binti aliyempiga akamwambia daktari, huyu katoka juu, tuangalieni na uti wa mgongo. Daktari akaandika, wakapiga, pingili moja imebonyea. Mzee mwenyewe alikuwa hasemi mgongo unamuuma, kisigino kilikuwa kinamuuma zaidi. Angepanda gari ya ng'ombe kurudi shamba na mgongo ule.

Sasa niambieni huyo ni "kijana wa eksirei"?

#27 FundiMionzi
@KengejaMpya huyo binti kasoma vizuri. Anayetua kwa visigino kutoka juu, nguvu inapanda mpaka mgongoni, na ni kanuni ya kazi kuangalia vyote viwili. Mwenye kuamua ni daktari, lakini wa kwanza kuona picha ni sisi, na ndiyo sababu nasema masomo ya kina yana maana. NjooKesho utaniuliza nani anaulipa, najua.

#28 NjooKesho
Sijasema kitu.

#29 BintiWete
Na mie niengeze la fildi, maana uzi umekuwa mzito. Tumefundishwa kabla ya kupiga kifua uondoe kila kitu. Siku moja nampiga bibi mmoja, nimemuuliza mkufu, hana. Pini za mtandio, katoa. Picha inatoka, kuna kitu cheupe cha mraba katikati ya kifua. Mwalimu wa zamu ananiangalia. Kumbe hirizi, imefungwa kwenye kibati cha fedha, iko ndani kabisa na bibi hakuihesabu kuwa ni kitu cha kuvua. Ilibidi nimuombe kwa adabu sana, akanikabidhi mkononi na kunisomea dua nisiiweke chini.

Nyengine ni nywele. Msichana kasuka mistari minene, mikia imelala mabegani, kwenye picha inatoa vivuli juu ya ncha za mapafu, mahali pale pale TB inapopenda kukaa. Usipomwambia azikusanye juu, mtu anaweza kuanzishiwa wasiwasi wa bure. Mambo haya hayamo kwenye notisi za Kiingereza.

#30 MpembaHalisi
Hirizi imeonekana kwenye eksirei na mnasema haina nguvu!

#31 KarafuuKavu
Kibati ndicho kilichoonekana, ami. Kilichomo ndani hakikutoka.

#32 MpembaHalisi
Ndiyo siri yake.

#33 MwalimuFizikia
Turudi. @MkongweWaGiza hoja yako ya sifa ya zamani ni nzuri lakini haielezi kwa nini vijana wa kiume nao wanakwepa. Wao hata chumba cha giza hawakijui. Mie bado nasema walimu wa fomu foo ndio tunaowapoteza. Hakuna anayewaambia kuwa kuna kazi hii. Uliza darasa zima la PCB unataka kuwa nani: daktari, daktari, daktari, famasia, daktari. Radiografia inakuja kuwa chaguo la tatu la mtu aliyekosa mawili ya mwanzo, kwa hiyo akichaguliwa anaona kaadhibiwa. Hajaikataa kozi, kakataa kushindwa.

#34 MamaFuoni
Hili nalo lina ukweli. Wangu aliingia uuguzi hivyo hivyo kwa kununa, sasa humtoi wodini.

#35 MzeeWaKonde
Nimerudi na habari. Nimemkalisha kijana baada ya magharibi nikamsomea baadhi ya mliyoandika. Kucheka amecheka kwenye hirizi. Nikamwambia basi nipe sababu yako, mionzi? Hapana. Fizikia? Ana B. Ajira? Anasema zote hazina ajira. Heshima? Akanitizama.

Sababu yake ni kuwa kompyuta zitasoma picha zenyewe. Kaona kwenye simu programu inasoma kifua na kusema TB ipo au haipo, anasema akimaliza chuo kazi itakuwa imeshachukuliwa. Hii siye watu wazima hatukuifikiria hata kidogo. Na mie siwezi kumjibu. Fundi?

#36 FundiMionzi
Programu hizo zipo kweli na zinatumika kuchuja TB kwenye picha za kifua, hajadanganywa. Lakini amechanganya kazi mbili. Kusoma picha na kuandika ripoti ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia. Ya kwetu ni kuipata picha yenyewe, na kumlinda mgonjwa wakati wa kuipata. Programu haitomshika bi mkubwa asiyesikia akasimama sawa, haitomuomba bibi hirizi. Ikipewa picha iliyopindwa itatoa jibu lililopindwa.

#37 NjooKesho
Mie sina uhakika huo. Kwenye MRI mashine nyengine zinajipangia wenyewe vipande vya ubongo siku hizi, mtaalamu anathibitisha tu. Leo anathibitisha wanne, kesho watamtaka mmoja. Kijana kafikiri vizuri kuliko sote humu.

#38 BintiWete
Kwa mantiki hiyo famasi nayo asende, dawa zitahesabiwa na mashine. Na ualimu? Atapumzika wapi?

Siye kwetu kichocho hakijesha. Altrasaundi ya kibofu na figo za watoto wa skuli Pemba inafanywa kwa mkono, mtoto kwa mtoto, na anayeshika kile kifaa ndiye anayeamua kionekane nini. Ukikiinamisha kidogo unaona kitu kingine. Nikimaliza ndiko nnakotaka kwenda mie, maabara ile ya Wawi, ikinitaka. Kompyuta itanikuta huko.

#39 JangombeBoy
Wawi wana altrasaundi? Si maabara ya minyoo ile?

#40 SheriaNaKanzu
Ivo de Carneri, ipo tokea 2000. Kichocho na minyoo ndiyo kazi yake kubwa. Sikiliza kabla hujacheka.

#41 MkongweWaGiza
BintiWete mjukuu wangu, ukifika kazini usifanye walivyofanya wenzetu hospitali moja nisiyoitaja. Beji ya kupimia mionzi mtu anaiacha imetundikwa ndani ya chumba cha mashine, yeye kenda zake kwao wiki mbili. Majibu yakirudi, kapata dozi ya kutisha. Wakubwa wanakuja mbio, kumbe beji ndiyo iliyopigwa picha siku zote hizo. Mwengine kinyume chake, anaificha kabatini ionekane hajapata kitu. Wote wawili wamejinyima kujua.

#42 MzeeWaKonde
Shukrani nyote. Kijana bado hajasema ndiyo, ila kauliza MRI ina mionzi au haina. Nikamwambia nitauliza.

#43 FundiMionzi
Haina. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Hatari yake ni chuma: mkasi mfukoni unaruka, mtungi wa oksijeni wa chuma unaweza kuua mtu. Altrasaundi nayo haina mionzi, ni sauti. Eksirei na CT ndizo zenye mionzi. Na Mzee, kama kapata vyuo zaidi ya kimoja hakikisha anathibitisha kwa ile namba ya siri kabla ya dirisha kufungwa. Akiendelea kununa mpaka tarehe ipite, hata kununa kwenyewe hakutokuwa na maana.

#44 MzeeWaKonde
Namba ya siri anayo yeye, na simu kaifunga.

#45 KarafuuKavu
Mzee, mtafute dada yako, mama mtu. Wao ndio wanaojua kufungua simu za watoto.

#46 MamaFuoni
Swali la mwisho kabla sijalala. Ile mashine ya kupitishia mabegi bandarini, nayo ni eksirei? Maana mie nasimama karibu kabisa nangojea kapu langu la samaki wa kukaanga.

#47 FundiMionzi
Ni eksirei, lakini imefungwa kwenye sanduku lake na yale mapazia mazito mlangoni yana risasi. Ukisimama pembeni huna tatizo. Usitie mkono ndani kulivuta kapu kabla halijatoka.

#48 MamaFuoni
Huwa nautia.

#49 JangombeBoy
Na samaki wanalika?

#50 FundiMionzi
Wanalika. Mionzi ikizimwa hakuna kinachobaki kwenye samaki. Mama, mkono nje.